Mpira wa Kijani Chini ya Injini

Everline hali kitu mpaka ndege ipotee masikioni. Kupotea machoni hakumtoshi. Husimama pembeni mwa kiwanja, kikombe cha chai kikipoa juu ya jiwe, kichwa amekiinamisha upande mmoja kama mtu anayesikiliza mtoto mchanga akipumua, mpaka mngurumo uwe mwembamba, uwe kama wa mbu, kisha usiwepo kabisa. Hapo ndipo hushusha pumzi. Waliomzoea hawamsemeshi wakati huo.

Ana miaka arobaini na saba. Kwa miaka kumi na minne amekuwa mtunzaji wa kiwanja kidogo cha ndege nje ya mji wa Garsen, kazi ambayo wengi hudhani ni ya kukaa kivulini. Asubuhi hukitembea kutoka mwanzo hadi mwisho na gunia begani, akiokota mawe, vipande vya waya, mifupa, chochote ambacho gurudumu linaweza kukirusha. Hufyeka mathenge, miti ya miiba inayotaka kurudi. Na ndege ikitajwa kuja huwaondoa ng'ombe, jambo ambalo humkutanisha na Guyo, mfugaji wa Kiorma ambaye kwa miaka hiyo yote hajakubali kwamba kuna nyasi isiyoliwa.

"Mama Levi," Guyo humwita kutoka mbali, "hii nyasi ni ya serikali au ni ya Mungu?"

"Ni ya serikali mpaka ndege ishuke. Ikishaondoka, ni ya Mungu."

"Basi mwambie rubani afanye haraka. Ng'ombe wangu hawajui ratiba."

"Watoe, Guyo, kabla sijawapakia waende Nairobi."

Utani huo humpunguzia wasiwasi, lakini haumalizi. Wasiwasi wa Everline una tarehe yake. Miaka tisa iliyopita ndege ya miraa iliondoka kiwanjani hapo saa tatu asubuhi, ikapanda vizuri, kisha ikainamisha pua nyuma ya mathenge na kunyamaza. Yeye ndiye aliyefika wa kwanza. Rubani na mwenzake walikuwa wamekunywa chai yake nusu saa kabla, na chupa aliyowaazima aliikuta kwenye matope nje ya mlango, nzima, chai ndani yake bado ya moto.

Miezi mingi baadaye wachunguzi walirudi kumhoji, na mmoja wao, mzee mpole, alimweleza kilichotokea kana kwamba ni haki yake kujua. Nati moja kwenye mkia, ndogo kama punje ya hindi, haikufungwa waya wake wa kuizuia baada ya matengenezo. Ililegea kidogo kidogo, safari baada ya safari, mpaka ikatoka. Fundi alikuwa ametia sahihi kwamba ameikagua.

"Nati moja?" Everline aliuliza.

"Moja, mama."

Tangu siku hiyo alizitazama ndege kwa namna nyingine. Zamani aliona kitu kizima kinachoruka. Sasa aliona vitu vidogo vidogo vilivyoshikana, na nyuma ya kila kimoja mkono wa mtu, na mtu huyo labda siku hiyo alikuwa na njaa, au aliitwa kwenye simu.

Mwaka ule wa mafuriko makubwa, mto Tana ulitoka kitandani mwake ukalala juu ya mashamba. Mpunga wa Everline ulizama, migomba ikabaki vichwa tu. Barabara ya Malindi ilikatika mbele ya Tarasaa, magari yakabaki huku na kule na maji katikati. Aliyetaka kwenda Malindi alipanda boti la injini, akapita saa nzima juu ya viazi na mihindi ya watu, kisha akachukua gari ng'ambo. Dawa za kituo cha afya zilikuja kwa ndege ya injini moja iliyokodiwa, na rubani wake alikuwa Nzai, Mgiriama wa Malindi, mtu wa maneno machache aliyemsalimia Everline kila aliposhuka kabla hajamsalimia mtu mwingine.

Juma la tatu ndege ilishuka ikikohoa. Nzai alifungua kifuniko cha injini, akanusa, akakuta mafuta yanavuja. Akapiga simu kwa wenye ndege. Siku mbili baadaye fundi akaja kwa boti na sanduku lake la spana, na fundi mwenyewe alikuwa Enos.

Everline alimjua Enos. Ni kijana wa Ozi, kijiji cha chini mtoni. Mamake na Everline waliimba katika kwaya moja, na alipopata nafasi ya kwenda Nairobi kusomea ufundi wa ndege, kanisa zima lilimwombea kwa kumtaja jina. Kwa hiyo alipomwona ameinama juu ya injini, shati limemgandama mgongoni, alimpelekea chai na mahamri kwa furaha ya kweli. Ilikuwa saa kumi jioni. Ana hakika na saa hiyo, kwa sababu simu ya Enos ilikuwa imewekwa redio, nayo ndiyo kwanza ilikuwa inaanza taarifa ya habari.

"Mungu akubariki, mama. Hapa nilikuwa nakaribia kutafuna spana."

"Kula, mwanangu. Imepona?"

"Imepona. Kesho asubuhi inaruka."

Alipogeuka kupokea kikombe alisogea kidogo, na Everline akauona. Chini ya injini, kati ya mabomba meusi, ulipita mpira mwembamba wa kijani, ule unaoonyesha mafuta yakipita ndani.

Hakuna mkulima wa ukingo wa Tana asiyeujua. Huuzwa kwa mita katika maduka ya vifaa vya shamba, na kazi yake ni kupeleka petroli kutoka tangi la pampu ya maji hadi kwenye kabureta. Everline alikuwa na kipande nyumbani. Aliijua na tabia yake: ukipata joto la injini hulegea, ukajibana kama utumbo, pampu ikakohoa na kuzima. Shambani hilo halimsumbui mtu. Unauzungushia kitambaa kibichi, unaumwagia maji, unangoja, unawasha tena. Watu wote wa mtoni hufanya hivyo bila kufikiri, na Enos alikuwa amekulia mtoni.

Swali lilimfika kwenye meno. Halafu akajiuliza yeye ni nani, mwokota mawe, amfundishe injini mtu aliyeisomea miaka minne. Labda huu ni wa aina nyingine, unafanana tu. Labda ameuweka kwa kujaribia, atautoa. Enos alikuwa anamtabasamia, mdomo umejaa hamri. Everline alichukua kikombe kitupu akaenda zake.

Wakati huo mkaza mwanawe, Kadzo, alikuwa kituo cha afya tangu adhuhuri. Ilikuwa mimba ya kwanza ya Kadzo na mjukuu wa kwanza wa Everline. Saa kumi na mbili, jua likizama, Levi alimpigia mamake simu.

"Mama, nesi anasema mtoto amelala vibaya, lazima mama yake apasuliwe, na hapa hakuna wa kupasua. Ni Malindi."

"Mmeshapata boti?"

"Lilikuwa tayari saa kumi na moja. Tulikuwa hata tumeshamfunika. Ndipo tukaambiwa ndege imepona, asubuhi inaruka. Nesi akasema uchungu bado ni wa mwanzo, afadhali angoje alale, kesho nusu saa tu amefika. Boti lingemtesa, mama."

"Liite lirudi."

"Giza hili? Na viboko wale? Nahodha ameshaenda kwake. Kwani kuna nini?"

Everline alifungua mdomo. "Hakuna," akasema.

Alimpigia Enos mara sita. Simu haikupatikana. Alilala na nguo za kutwa, akijiambia kwamba mtoto wa watu hawezi kuacha kitu kama kile ndani ya ndege, ataubadilisha, bila shaka ameshaubadilisha.

Saa moja kasorobo walimleta Kadzo kwa machela, wakaiweka chini, kivulini mwa bawa. Alikuwa ameshika shati la Levi, uso umelowa, macho ameyafumba. Nesi alisimama ameinua chupa ya maji ya dripu. Nzai alikuwa anazunguka ndege akigusa hiki na kile. Everline aliwapita wote akaenda moja kwa moja kwa Enos.

"Enos, ule mpira wa kijani umeutoa?"

Enos hakujibu upesi, na katika kule kukawia Everline akapata jibu.

"Mama, tunachelewa," Enos akasema.

"Umeutoa au hujautoa?"

"Mpira gani?" Levi alisema kwa ukali. "Mama, mke wangu amelala chini hapa, wewe unauliza mipira!"

Babake Everline alikuwa mchonga mitumbwi. Alikuwa na sharti moja ambalo hakulivunja mpaka anakufa: mtumbwi aliouziba ufa, yeye ndiye wa kwanza kuuingia, peke yake, mpaka katikati ya mto na kurudi, mwenye mtumbwi akiwa amesimama ukingoni anatazama. Hata uzeeni, mikono ikitetemeka, alishika kafi mwenyewe. Chini huko mpaka Ozi watu walilijua sharti hilo, na babu yake Enos aliwahi kusimama ukingoni akingoja.

"Basi panda," Everline akasema. "Umeiziba wewe. Panda na Kapteni mzunguke juu ya mji mara moja, mshuke. Mkishuka, nitamwinua Kadzo kwa mikono hii nimwingize."

"Mama, mambo ya mitumbwi hayo."

"Hayo hayo. Babu yako alimngoja baba yangu ukingoni. Usiniambie huyajui."

Nzai alikuwa amesimama. Alimtazama Everline, akamtazama fundi. "Dakika kumi si kitu," akasema, akafungua mlango wa upande wa pili. "Panda, fundi."

Enos alikitazama kile kiti. Alipangusa mikono kwenye suruali, upande mmoja, kisha wa pili, ingawa haikuwa michafu. Kisha akarudi nyuma hatua moja.

"Mpira wenyewe haukuja," akasema. Sauti yake ilikuwa imekuwa ya mtoto. "Umekwama ng'ambo na mzigo. Bosi alisema niweke chochote kitakachoifikisha Malindi, tutaubadilisha kule. Nikanunua huu hapa mjini. Kwa nusu saa unashika. Naamini unashika."

"Unaamini," Nzai akasema. "Na mimi ungeniambia lini?"

"Ukishatua."

Nzai alifunga mlango polepole. "Sirushi," akasema.

Levi alimshika mkono. "Kapteni, nakuomba. Amesema unashika. Nusu saa! Mimi mwenyewe nitakaa mbele hapo, nife nikifa."

"Wewe na nani?" Nzai alimwuliza kwa upole. "Tazama huko chini unakotaka tupite. Ni maji matupu mpaka Tarasaa. Hiki kitu kikizima, nitakiweka wapi?"

Levi akamgeukia mamake. Kisha akapiga magoti kando ya machela. Everline angependa amlaumu.

Boti lilikuwa limeshaondoka alfajiri kwenda kuchukua unga ng'ambo. Lilirudi saa nne. Kadzo aliwekwa juu ya magunia matupu, Levi akimkinga jua kwa leso, na Everline hakupata nafasi ndani. Alisimama kwenye maji yaliyomfika magotini mpaka boti likawa dogo kati ya vichwa vya migomba. Walifika Malindi saa tisa. Kadzo alipasuliwa, akapona. Mtoto alikuwa wa kike. Alitolewa bila kulia, na daktari alimwambia Levi kwamba pengine ni suala la saa chache tu. Levi alirudi na kifurushi cheupe kifuani, wakamzika juu kwenye mchanga mkavu, kwa sababu makaburi ya nyumbani yalikuwa chini ya maji.

Enos aliondoka bila kuaga. Lakini kabla hajaondoka, siku mbili baada ya mambo yale, Nzai alifanya kitu ambacho hakuna aliyemtuma. Aliifunga ndege kwa kamba kwenye nguzo za saruji, akaiwasha na ule mpira wa kijani vilevile, akaiacha ingurume kwa nguvu zote. Everline alitazama akiwa amekunja mikono. Guyo alikuja akasimama kando yake, fimbo mabegani.

Dakika kumi. Ishirini. Everline alikuwa akiomba izime, kisha akaogopa kile alichokuwa akikiomba. Nusu saa ilipita. Injini haikukohoa hata mara moja. Nzai aliizima mwenyewe.

Enos aliutoa ule mpira, akaupasua kwa kisu. Ndani ulikuwa umevimba, laini kama shavu la samaki, njia ya mafuta imekuwa nyembamba mno. Nzai aliubonyeza kwa kidole gumba.

"Ingefika?" Everline aliuliza.

"Chini ni chini, mama. Juu ni mambo mengine. Nikikwambia ingefika, ni uongo. Nikikwambia isingefika, ni uongo pia."

Guyo alishusha fimbo mabegani. "Haya, Mama Levi," akasema, "twende nikusindikize."

Mji ni mdogo. Jioni ile ile Levi alikuwa ameshapata habari.

"Iliwaka nusu saa, mama," akasema mlangoni, hakuingia. "Nusu saa nzima. Hata haikukohoa."

"Najua. Nilikuwepo."

"Basi jua hivyo." Akageuka. Hakula tena kwa mamake mwezi ule.

Wengine walimsifu. Jumapili mchungaji alimtaja kanisani kuwa mwanamke aliyeokoa roho za watu, na kina mama wakapiga vigelegele. Everline aliinamia kitabu cha nyimbo. Hasira ya Levi aliweza kuibeba. Mtu aliyefiwa lazima apate mahali pa kuitupa. Sifa zile ndizo zilizomnyima usingizi. Watu wote, wenye kumlaumu na wenye kumsifu, walikuwa wanazungumza juu ya asubuhi. Hakuna aliyezungumza juu ya saa kumi ya jioni iliyotangulia. Aliyeijua saa hiyo ni yeye na Enos, na Enos alikuwa ameshaondoka.

Akiwa peke yake kiwanjani na gunia lake alijaribu kuikwepa. Alijiambia kwamba hakuwa na elimu ya kuhoji. Alijiambia kwamba wakati ule Kadzo hakuwa wa kupanda ndege ile. Lakini hilo la pili lilimuuma zaidi, maana lilikuwa na maana kwamba kama angepanda mgonjwa wa mtu mwingine, yeye angemkabidhi kwa ndege na kwenda kusimama pembeni, kikombe kikipoa, akisikiliza.

Kadzo alirudi nyumbani baada ya majuma matatu. Maji yalikuwa yamepungua, matope yakinuka mpaka ndani ya nyumba. Levi alikuwa ameenda kutafuta mbegu. Everline alichemsha maji, akaja kumkanda mkaza mwanawe kama anavyokandwa mwanamke aliyezaa, kwa kitambaa cha moto mgongoni na kiunoni, akikwepa kidonda. Maziwa ya Kadzo yalikuwa yamekauka.

"Mama," Kadzo akasema, uso ameulaza kwenye mkeka, "mimi sina kisa na wewe."

"Lala tu, mwanangu."

"Hapana, nataka uyasikie. Levi ana uchungu, utamwisha. Mimi nilikuwa pale chini. Nilimwona yule fundi akirudi nyuma. Mtu ameitengeneza mwenyewe na anaiogopa, mimi ningeipandaje? Ulifanya vizuri. Uliona, ukasema."

Everline aliweza kuyaacha yaishie hapo. Kitambaa kilikuwa kimepoa mkononi mwake. Nje ng'ombe wa Guyo walikuwa wanapita, kengele zao zikigonga kwa uvivu. Alingoja zipite.

"Kadzo, sikuuona asubuhi ile."

"Nini?"

"Ule mpira. Sikuuona asubuhi. Nilikuwa nimeshauona."

Kadzo aligeuza kichwa. "Uliuona lini?"

"Jana yake. Nilimpelekea Enos chai, nikauona. Saa kumi."

"Ukamwambia?"

"Sikumwambia. Sikumwambia mtu."

Kadzo akajiinua kidogo kidogo, akishika tumbo, mpaka akaketi na kuegemea ukuta. Hakulia wala hakupandisha sauti.

"Saa kumi na moja boti lilikuwa bado lipo," akasema.

"Ndiyo."

"Walikuwa wameshanifunika."

"Ndiyo, mwanangu."

Kadzo aliutazama mkono wake wa kushoto uliolala juu ya paja. Alikigusa kidole cha mwisho kwa kidole cha mkono mwingine, midomo ikicheza bila sauti. Saa kumi na moja. Saa kumi na mbili, boti limevuka. Saa moja, wako ndani ya gari. Saa mbili. Everline alibaki amepiga magoti kando ya sufuria, hakusogea, hakumkatiza, akimwacha ahesabu mpaka mwisho.